Mzigo wa Muuguzi wa Wagonjwa wa Saratani

Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya kaskazini mwa Tanzania. Tangu mwaka 2016 hospitali hiyo ina kituo maalumu cha saratani. Mgonjwa atokaye Rombo au Same haji kituoni mara moja tu, kwani dawa za kuua seli za saratani hutolewa kwa vipindi, na matibabu huweza kuchukua miezi mingi. Kwa hiyo muuguzi humzoea mgonjwa, akawajua na jamaa zake. Na kwa kuwa nchini wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, wengi wa aliowazoea hufariki.

Je, hali hiyo humfanya nini muuguzi? Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu wa Montreal, Kanada, alieleza kwamba mwili huyakabili madhara ya namna mbalimbali kwa njia inayofanana. Tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na mwili huwa tayari kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini muuguzi hawezi kupigana wala kukimbia, na kesho yuko mgonjwa mwingine. Msongo ukidumu, usingizi hupungua, kinga ya mwili hudhoofika, na huruma yenyewe hupoa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na kazi.

Wako wadhanio kwamba dawa yake ni muuguzi kuufanya moyo wake mgumu. Mwaka 1960 Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake juu ya wauguzi wa hospitali moja ya London. Huko kazi iligawanywa vipande vipande ili muuguzi asimzoee mgonjwa yeyote, na wagonjwa walitajwa kwa vitanda au maradhi yao. Hofu haikuondoka, kilichopotea ni faraja ya kumwona mgonjwa akipata nafuu. Wanafunzi wapatao theluthi moja hawakumaliza mafunzo.

Basi tiba yapasa itafutwe katika mpango wa kazi: wauguzi wa kutosha, zamu zenye mapumziko, nafasi ya kuzungumza pamoja baada ya kifo cha mgonjwa, na morfini isiyokosekana, maana hakuna kimchoshacho muuguzi kama maumivu asiyoweza kuyatuliza. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanafunzi wanaokusudia kuwa waganga, wauguzi au viongozi wa hospitali hawana budi kuupima mzigo huu kwa uzito wake halisi.