Barabara Inayogawa Mvua

Noeli na Bonane zikikaribia, nafasi kwenye magari yaendayo mji wa Kiwanja hugombaniwa mjini Goma tangu alfajiri. Wanne hubanana kiti cha nyuma, mtoto hupakatwa, mfuko wa mikate huwekwa miguuni na godoro hufungwa juu. Mabinti huenda kuwasalimu wazazi, wajukuu huenda kuonwa na tate ambaye hajawahi kuwashika. Hakuna anayesema anakwenda kutalii. Utalii, kwa watu wengi wa Goma, ni jambo la wageni wenye kamera shingoni.

Lakini kilomita zipatazo 75 za Barabara ya Taifa namba 2 kutoka Goma hadi Kiwanja zinampitisha msafiri katika mambo ambayo kwingine angezunguka nchi nzima kuyaona.

Yanaanzia mlangoni mwa mji. Mtaa wa Majengo ukiisha, ardhi inageuka nyeusi. Ni mawe ya Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 ambao kila mtoto wa Goma ameukuta juu ya paa la nyumba yao. Mwaka 1977 ulimwaga moto. Tarehe 17 Januari 2002 ukaukata mji katikati na kufunika sehemu ya kiwanja cha ndege. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukafika Buhene na kuikata barabara hii hii. Anayepita leo anapita juu ya mawe yaliyokuwa uji wa moto, na pembeni anaona watu wameyavunjavunja hayo hayo na kujengea msingi na ua.

Baada ya Kibati gari linaanza kupanda. Upande wa pili zinateremka chukudu, hizo baiskeli za mbao zisizo na kanyagio, zimepakiwa kabichi, viazi na magunia ya makala, ndilo jina la mkaa huku. Dereva wa chukudu anayeshuka hupiga goti juu ya ubao na kuuachia mteremko kazi. Akirudi, anasukuma. Goma imemjengea sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara mjini, jambo ambalo si kila mchukuzi duniani amefanyiwa.

Kibumba ni baridi. Watoto waliovaa nguo za ziwani huanza kujikunyata, mama hutoa kitenge. Hapa ndipo zinapotoka mboga nyingi zinazoliwa Goma, maana udongo wa volkano una rutuba. Maji ndiyo shida: mawe ya volkano hunywa mvua kabla haijawa kijito. Wakimbizi wa Rwanda waliopiga kambi hapa mwaka 1994 waliijua shida hiyo, kwa kuwa maji yao yalilazimika kuletwa kwa malori huku kipindupindu kikiwaua.

Na ni kwenye mwinuko huu ndipo jambo kubwa kuliko yote katika safari linapotokea, pengine watoto wamelala. Gari linavuka mpaka kati ya mabonde ya mito miwili mikubwa ya Afrika. Tone la mvua linaloangukia Goma huishia Ziwa Kivu, likatoka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, likaingia Lukuga, kisha mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Tone linaloangukia Kiwanja huchukuliwa na mto Rutshuru hadi Ziwa Edward, likapita Semliki na Ziwa Albert, likaingia mto Nile. Hilo linakwenda Misri.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Wanajiolojia wanaeleza kwamba maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zilipoinuka na kuziba njia kama boma. Ziwa likajaa, likatafuta mlango kusini. Boma hilo ndilo gari linalolipanda kwa gia ya pili.

Mbele ni Rugari, halafu Rumangabo, makao makuu ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Kulia unasimama Mikeno, mita 4,437, mlima wa sokwe. Kituo cha Senkwekwe, kilichofunguliwa Rumangabo mwaka 2010, ndicho kilichomlea sokwe Ndakasi, aliyejulikana dunia nzima kwa picha ya mwaka 2019 aliyopigwa na walinzi wake. Alifariki Septemba 2021.

Barabara hii ina makaburi pia. Tarehe 22 Februari 2021, balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mkongo Mustapha Milambo waliuawa karibu na Kibumba wakielekea Rutshuru. Kiwanja yenyewe iliona mauaji ya raia mapema Novemba 2008. Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi wa M23 waliiteka, na wenyeji wakaifuata barabara hii kwa upande wa pili, godoro kichwani, hadi mahema ya Kanyaruchinya karibu na Goma. Kwa hiyo wako watoto walioijua kwa miguu kabla ya kuijua kwa gari.

Kutoka Rubare hadi Rutshuru joto linarudi na migomba inazidi. Kilomita chache mbele ni Kiwanja, mji wa soko na njia panda: njia moja inakwenda Mabenga na Kanyabayonga hadi Butembo, nyingine Nyamilima na mpaka wa Ishasha, Uganda. Kitenge cha Kibumba kinakunjwa. Jioni kuna sombe, bitoke na samaki wa Ziwa Edward.

Barabara kama hii inaweza kuwa kivutio yenyewe: mwaka 2014 Ireland ilizindua Wild Atlantic Way, njia ya kilomita 2,500 hivi kwenye pwani yake ya magharibi. Haikujenga barabara mpya. Ilizichukua zile za vijijini zilizokuwapo, ikazipa jina, ikasimika vibao mahali pa kusimama, na familia zikaja na magari yao. Goma–Kiwanja inahitaji amani kwanza, na hilo halinunuliwi kwa kibao. Ila kibao kimoja pale mwinukoni Kibumba, chenye mshale wa Kongo upande huu na wa Nile upande ule, hakingegharimu kitu kikubwa. Kabla hakijasimikwa, mzazi atakayepita hapo Bonane hii awaamshe watoto.