Utamu wa Wimbo Usioutarajia

Mjini Paris kuna kituo cha redio kiitwacho FIP, kilichoanzishwa Januari 1971 na ambacho sasa kiko chini ya shirika la umma la Radio France. Hakina matangazo ya biashara, na watangazaji wake husema maneno machache mno. Kazi yake ni muziki, na muziki wenyewe hauna mipaka: jazi ya Marekani hufuatwa na kinanda cha Bach, kisha gitaa la Mali, kisha rege, kisha muziki wa filamu ya zamani. Kwa hesabu za kibiashara kituo cha namna hiyo kilistahili kufa mapema, maana ni nani apendaye vyote hivyo kwa pamoja? Kumbe kimevuka nusu karne. Huko Brighton, kusini mwa Uingereza, kilipendwa hata na watu wasiojua Kifaransa, kikawa kinarushwa hewani bila kibali kwa miaka mingi, mpaka mamlaka ya mawasiliano ilipoichukua mitambo mwaka 2007.

Mvuto huo hautokani na wingi wa nyimbo pekee. Unatokana na imani ya msikilizaji kwa mtu anayemchagulia. Redio ya biashara huishi kwa kuwauzia wenye bidhaa masikio ya watu. Muuza sabuni anataka kujua ni nani hasa anayesikiliza saa tatu asubuhi. Ndiyo maana kituo huchagua aina moja ya msikilizaji, kikazirudia nyimbo zilezile zinazovuma ili asihame. Redio ya umma, inayolipiwa kwa ada au kodi, haimtegemei muuza sabuni, kwa hiyo inaweza kuthubutu. Lakini kuthubutu si kuchanganya ovyo. Wapangaji wa muziki wa FIP huunganisha nyimbo kwa mapigo, kwa ala au kwa hisia, hata msikilizaji akajikuta amehama kutoka Havana hadi Dakar bila kushtuka. Wimbo asioupenda anauvumilia, kwa kuwa anajua aliyeuweka alikuwa na sababu.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu imebeba nyimbo zote za dunia, basi redio ya nini? Hoja hii ina uzito, ila inasahau jambo moja: hakuna anayeweza kutafuta asichojua kuwa kipo. Mifumo ya kompyuta inayopendekeza nyimbo hutazama zaidi ulichosikiliza jana, wewe na wanaofanana nawe. Ukipenda bongo fleva, utaongezewa bongo fleva. Ni huduma nzuri kwa mwenye kujua anachotaka, lakini ladha mpya huzaliwa mtu anapokutana na kile ambacho hangekiomba.

Wengine watauliza kwa nini kodi ya wengi igharimie ladha ya wachache. Jibu limo katika kazi ya John Peel, aliyetangaza BBC Radio 1 kuanzia 1967 hadi alipofariki mwaka 2004. Alipiga panki, rege na magitaa ya Afrika katika kipindi kimoja, na bendi nyingi zisizojulikana zilirekodiwa na BBC kwa ajili ya kipindi hicho. Yeye na mtangazaji mwenzake Andy Kershaw waliwapigia debe Bhundu Boys wa Zimbabwe, na mwaka 1987 vijana hao walitumbuiza katika uwanja wa Wembley kabla ya Madonna kupanda jukwaani. Walioanza na wasikilizaji wachache waliishia mbele ya maelfu.

Nasi tunao ushahidi wetu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi muziki wa dansi, taarabu, ngoma na kwaya wakati ambapo bendi iliyotaka kutoa santuri mara nyingi ililazimika kwenda Nairobi. Msikilizaji wa Mbeya aliijua taarabu ya pwani, na wa Tanga akazisikia ngoma za bara. Ni kweli kwamba mashairi yalikaguliwa kabla ya kurushwa, na nyimbo nyingine zikazuiwa. Redio ya umma ikishikwa mno na serikali, nayo hufunga milango. Lakini kasoro hiyo inataka mpangaji wa muziki apewe uhuru, si kituo kiachiwe soko. Rekodi zile leo ni hazina ya taifa, na hakuna muuza bidhaa ambaye angegharimia hazina hiyo yote.

Kwa hiyo wakuu wa redio zetu za umma wasishindane na vituo vya biashara katika kurudia vibao vya wiki, hapo watashindwa. Wawape watu wanaoujua muziki saa chache kila siku, maktaba iliyo wazi na ruhusa ya kuchanganya. Gharama yake ni ndogo, na kazi hiyo hakuna mwingine mwenye sababu ya kuifanya.