Barua Zisizojibiwa: Sayyida Salme na Shoga Yake wa Unguja

Makala haya yanakusudia kuzichunguza barua za Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete (1844–1924). Kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zimesomwa sana. Barua zake hazikupata bahati hiyo: zilipatikana katika makaratasi yake baada ya kufa kwake, na E. van Donzel akazichapisha kwa Kiingereza huko Leiden mwaka 1993.

Yafaa kwanza tuitazame kalamu yenyewe. Katika jumba la Seyyid Said watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, alifanywa katibu wa njama za kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid, kwa kuwa yeye aliweza kuandika. Njama zilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na msichana akabaki amefarakana na nusu ya ukoo wake. Kwa hiyo kwake barua haikuwa kamwe jambo la kupitishia wakati. Mwaka 1866 alitoroka Unguja. Mwaka 1867 alibatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete huko Aden, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume aliuawa katika ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni.

Barua zinasimulia maisha hayo kwa shoga wa Unguja asiyetajwa jina. Hapa ndipo penye mgogoro. Mwigizaji Mwingereza Ellen Terry (1847–1928), wa rika lake, aliandikiana na Bernard Shaw kwa miaka kadhaa kabla ya kukutana naye ana kwa ana. Barua zao, zilizochapwa mwaka 1931, zinajibizana, na msomaji husikia sauti mbili. Za Salme zina sauti moja tu. Tena zimeandikwa kwa Kijerumani. Lakini ni shoga gani wa Unguja wa zama zile aliyesoma Kijerumani? Jumba la Mtoni, kwa maelezo yake mwenyewe, lilijaa Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na Kihabeshi, Kijerumani hakikuwamo.

Wako wanaoamua kwamba shoga huyo ni wa kubuniwa tu. Naafikiana nao, lakini sioni kwamba neno “kubuniwa” linamaliza kazi. Wasomaji ambao hapana shaka wangeweza kuzisoma ni wanawe, waliolelewa Ujerumani. Mama alitaka kuwaeleza uchungu wa ugeni, na uchungu wa namna hiyo haukueleweka ila ungeelekezwa kwa mtu aliyeijua Unguja. Nafsi ya pili ndiyo iliyomruhusu kusema. Ukiigeuza barua iwe tawasifu ya kawaida, nusu ya maana hupotea.

Jambo hili lina uzito kwa mfasiri wa Kiswahili. Barua yetu ya kale ina desturi zake: salamu, kisha “ama baada ya salamu”, kisha hali ya mwandishi, ndipo habari. Barua za hati za Kiarabu alizozikusanya Büttner mwaka 1892 zaonyesha mengi ya hayo. Je, mfasiri amvike Salme vazi hilo ambalo Kijerumani chake hakikulivaa? Nadhani asifanye hivyo. Kuachana na desturi ni sehemu ya habari yenyewe.

Neno la kumwitia yule rafiki ni gumu zaidi. Pwani, mwanamke humwita mwenziwe shoga bila haya yoyote. Huku Nangina na Busia, ambako Kiswahili ni lugha ya shule na ya soko, na nyumbani ni Kisamia, neno hilo limekwisha kupata maana nyingine, na mwanafunzi akilikuta atacheka kabla hajasoma mstari wa pili. “Rafiki” halina jinsia wala ukaribu. “Dada” lingemfanya ndugu, naye Salme aliandika akiwa amekatwa na ndugu zake, hata Barghash alipokuwa Sultani akakataa kumpokea mwaka 1885. “Somo” linakaribia, lakini lina mafunzo ya unyagoni ndani yake. Mimi ningeliacha “shoga”, na kumwachia mwalimu wa bara kazi ya kulieleza darasani.