Ushuru wa Kampuni za Kimataifa: Kazi ya Kuingilia na Milango ya Kutokea

Kampuni ya majani chai nchini inapouzia kampuni dada ng'ambo kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, faida huhamia huko na ushuru hupungua hapa. Pengo hilo hufika mashinani, kwa kuwa mgao wa kaunti, usiopungua asilimia 15 kikatiba, hutokana na mapato ya kitaifa.

Kupima iwapo bei hizo ni za haki ni taaluma kamili. Ilishika kasi baada ya kesi ya Unilever Kenya mwaka 2005, ambapo Mahakama Kuu ilitumia mwongozo wa OECD kwa kuwa Kenya haikuwa na kanuni zake. Kanuni zilitolewa mwaka 2006.

Taaluma hii huwafaa waliosomea uhasibu, uchumi au sheria. Wengine huanzia KRA wakikagua kampuni. Wengine huanzia kwa wakaguzi wa hesabu, wakiandaa stakabadhi za kutetea bei za wateja. Cheti cha CPA kutoka KASNEB huongeza nafasi.

Baada ya miaka kadhaa, mtaalamu anaweza kuongoza kitengo cha ushuru katika kampuni, kufungua ofisi ya ushauri, kufundisha au kushughulikia rufaa za ushuru.

Hata hivyo, uwanja huu ni mwembamba na nafasi nyingi ziko Nairobi. Kwa hivyo kijana anashauriwa kujifunza kwanza ushuru wa kawaida, ikiwemo VAT, ili asikwame anapotaka kubadilisha kazi.