Sura ya Saba: Nia Mbili Mpakani

Sheria ya uhamiaji ya Kanada, iliyoanza kutumika Juni 2002, ina kifungu kifupi ambacho kila aliyefunga ndoa na mkaazi wa nchi hiyo angefaa kukijua kabla hajakata tiketi. Ni kifungu cha 22, kijifungu cha pili. Kinasema kwamba mtu kutaka kuwa mkaazi wa kudumu hakumzuii kuingia kama mgeni, mradi afisa aridhike kuwa muda atakaopewa ukiisha, ataondoka. Mawakili huiita hali hiyo nia mbili. Mwombaji anaweza kutamani kuhamia kabisa kwa mwenziwe na wakati huohuo awe tayari kufungasha na kurudi kwao iwapo ukaazi haujatoka.

Naanza na kifungu hicho kwa sababu wengi hufika dirishani wakiamini kwamba ombi lao ni siri. Jamaa wamewashauri hivyo. Mtu anaulizwa kama ana mume Kanada, anajibu kwamba anakwenda kumtembelea rafiki. Anaulizwa kama amewahi kuomba ukaazi, anakana, na huku faili lake limo kwenye kompyuta iliyo mbele ya afisa. Kifungu cha 16 kinamtaka anayehojiwa aseme kweli. Kifungu cha 40 kinampiga marufuku kwa miaka 5 yule aliyepotosha jambo la msingi, na katika miaka hiyo haruhusiwi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Kuwa na mume na faili la ukaazi hakukuwa kosa. Uongo ndio uliolizaa kosa.

Basi swali la kujiandaa nalo si kama unataka kuishi Kanada. Hilo afisa analijua. Swali ni nini kitakachokurudisha kwenu, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kurudi kazini, watoto walio shuleni, biashara yenye leseni, nyumba, mzazi anayekutegemea: hivi vina uzito. Tiketi ya kurudi ni nzuri, ila peke yake ni ushahidi mwembamba, maana tarehe ya tiketi hubadilishwa. Kwa maoni yangu hakuna hoja inayoshinda rekodi ya safari za nyuma ambazo mtu aliingia na akaondoka kabla muda wake haujaisha.

Kuna pia mchanganyiko wa viza na muda wa kukaa. Wenye pasi za Kenya na Tanzania wanahitaji viza ya mgeni kabla ya safari. Viza hiyo, hata ikiwa ya kuingia mara nyingi kwa miaka kadhaa, ni ruhusa ya kufika mlangoni tu. Muda wa kukaa huanza upya kila unapoingia, na anayeuamua ni afisa wa mpakani.

Uzito wa haya yote huonekana mtu anapolazimika kutoka katikati ya safari ya faili. Tuseme mama mmoja wa Mombasa yuko Calgary kwa mumewe, raia wa Kanada. Ameomba kuongezewa muda kabla ule wa kwanza haujaisha, kwa hiyo anaruhusiwa kukaa akisubiri jibu. Simu inapigwa: mama yake amelazwa. Akipanda ndege, ruhusa ile ya kusubiri inakatika. Siku ya kurudi atahojiwa kama mgeni mpya, na hakuna aliyemwahidi kwamba ataingia.

Kitakacholipata faili lake la ukaazi kinategemea njia waliyochagua tangu mwanzo. Mwenzi anaweza kuombewa katika kundi la waliomo ndani ya Kanada, ambalo linamtaka aishi pamoja na mdhamini wake, yaani mwenziwe anayemwombea, humo nchini. Akizuiwa kuingia tena, sharti hilo linaanza kuporomoka, na ombi laweza kuanguka nalo. Njia ya pili ni kundi la familia, ambalo faili lake hushughulikiwa kama la mtu aliye nje, hata kama mwombaji yuko Kanada kwa matembezi. Huyu akirudishwa kutoka uwanja wa ndege, anaendelea kusubiri akiwa Mombasa. Zaidi ya hapo, ombi la kundi la familia likikataliwa, kwa kawaida mdhamini ana haki ya kukata rufaa. Katika kundi la ndani haki hiyo haipo.

Zamani wengi walichagua kundi la ndani kwa ajili ya kibali cha kazi cha wazi. Mwaka 2023 serikali iliwafungulia kibali hicho hata waombaji wa kundi la familia wanaoishi Kanada na wadhamini wao, hivyo sababu hiyo imepungua nguvu. Mwenye mzazi mgonjwa au watoto nyumbani, mwenye lolote litakalomfanya asafiri ghafla, namshauri bila kusita achukue kundi la familia.

Afisa asiporidhika, anaweza kumwacha msafiri aondoke kwa hiari yake. Hilo linaumiza, lakini halimwekei marufuku ya kurudi. Anaweza pia kuandika ripoti itakayoleta amri ya kumwondoa, ambayo kwa kawaida humzuia kurejea kwa mwaka 1 bila idhini maalumu. Tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa, na msafiri anaruhusiwa kuuliza kwa adabu kama anaweza kuondoka kwa hiari.

Akiridhika, atagonga muhuri. Usitoke dirishani kabla hujausoma. Afisa akiwa ameandika tarehe, hiyo ndiyo ya mwisho, hata kama ni wiki mbili tu kutoka leo. Muhuri usio na tarehe kwa kawaida una maana ya miezi 6 tangu siku uliyoingia, na ombi la kuongeza muda lazima lipelekwe kabla haijaisha.