Vijipini vya Dhahabu Vyataka Mkono Mpole

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

UKIINGIA Bagamoyo kwa gari kutoka Dar es Salaam, ukiisha kuviacha nyuma Mapinga, Kerege na Zinga, kinachokupokea kwanza si majumba ya kale wala milango ya nakshi. Ni upepo wa bahari. Upepo huo ni faraja kwa msafiri, lakini umebeba chumvi. Chumvi ile ile inayovunwa katika mabwawa ya Nunge hula mabati ya nyumba, misumari ya mashua na waya za redio.

Upepo huo huo huingia pia katika kibanda kidogo kilicho jirani na stendi, ambako mama mmoja mjane hujipatia riziki kwa kuchapa barua, kujaza fomu na kutoa nakala za vyeti. Mali yake kubwa ni kompyuta moja na mashine moja ya kuchapia. Kwa vyombo hivyo viwili amewasomesha watoto watatu.

Mwandishi wa makala haya alipofika kibandani hapo, siku ilikuwa Ijumaa, na mama yule alikuwa amekaa nje juu ya kigoda, mkono shavuni. Mitihani ya shule mbili ilikuwa ichapwe kabla ya Jumatatu. Ndani, mpwa wake, kijana wa kidato cha sita, alikuwa amesimama mbele ya meza kama mtu aliyefiwa. Mkononi alishika kitu kidogo cha mraba, si kikubwa kuliko kasha la kiberiti.

“Nilitaka kumsaidia shangazi,” alisema. “Mashine ilikuwa ikipata moto. Nikafungua nisafishe feni.”

Kijana hakuwa na nia mbaya. Alifungua skrubu, akashika kipoza joto kilicho chini ya feni, akavuta kwa nguvu. Kumbe ule mlenda wa kijivu unaopakwa kati ya kipoza joto na prosesa, ambao mafundi huuita pesti, ulikuwa umekauka kwa miaka mingi ukawa kama gundi. Kipoza joto kikatoka pamoja na prosesa yenyewe, kisha prosesa ikabanduka na kuanguka sakafuni, miguu chini. Safu nzima ya pini ikalala.

PINI NI KITU GANI?

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Lakini ubongo hauna faida usipokuwa na mishipa ya kupokea na kupeleka habari. Mishipa hiyo ndiyo pini. Katika prosesa za aina ile aliyokuwa nayo mama yetu, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, upande wa chini una pini 1,331, zote zimesimama katika eneo la mraba wenye upande wa sentimita nne hivi. Kila pini ina kazi yake. Nyingine huleta umeme, nyingine huurudisha, nyingine husafirisha habari kwenda na kutoka kwenye kumbukumbu. Pini moja ikilala na kugusa jirani yake, mashine yaweza kukataa kuwaka, au kuungua kabisa.

Pini hizo zimepakwa dhahabu. Msomaji asije akadhani ni kwa ajili ya urembo. Dhahabu haishiki kutu, na kwa sababu hiyo umeme hupita bila kizuizi mahali chuma kinapogusana na chuma. Lakini utando wa dhahabu hiyo ni mwembamba mno, aghalabu haufikii sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukikwaruzwa, madini yaliyo chini yake hubaki wazi, na hapo hewa ya pwani hupata mlango.

Si kompyuta zote zilizoumbwa namna moja. Tangu mwaka 2004 kampuni ya Intel ilianza kuziondoa pini kwenye prosesa za kompyuta za mezani na kuziweka katika soketi, yaani kile kitako cha prosesa kilicho juu ya ubao mkuu. AMD nayo ilifuata mkondo huo katika kompyuta za mezani za kawaida mwaka 2022. Katika soketi hizo pini si vijiti vilivyosimama wima. Ni vijispringi vilivyopinda kidogo, vyembamba kuliko vya zamani na vigumu zaidi kunyoosha. Basi kabla hujafungua chombo, ni vema ujue kwanza pini ziko upande upi.

MKONO WA FUNDI

Kijana alipelekwa kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, ambaye chumba chake kiko karibu na Mji Mkongwe. Mzee huyo alijifunza kazi kwa redio za National zilizounganishwa Dar es Salaam, wakati ambapo kompyuta ilikuwa kitu cha kusikika tu. Nchi yetu ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wake. Mafundi wa rika lake walizikuta kompyuta wakiwa tayari watu wazima, wakaingia nazo kwa adabu ile ile waliyojifunza katika redio.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Weka hapo mezani. Usiniwekee mkononi.”

Hakuigusa mara moja. Alinawa mikono, akaikausha, akagusa bomba la chuma lililo ukutani ili umeme tuli uliomo mwilini ushuke. Alieleza kuwa mwili wa mtu waweza kubeba umeme huo bila mwenyewe kujua. Mtu huanza kuuhisi ufikapo volti 3,000 hivi, ilhali vipande vingine vya elektroniki huharibiwa na volti chache mno kuliko hizo. Unyevu wa Bagamoyo huupunguza, lakini katika vyumba vyenye kiyoyozi hewa hukauka, na hatari hurudi.

Kisha akasogea dirishani, akavaa miwani ya kukuza, akaishika prosesa kwa kingo zake tu, akaitazama kwa ubavu kama seremala anavyotazama unyoofu wa ubao. Safu zilizo sawa huonekana kama mitaa ya minazi iliyopandwa kwa kamba. Pini iliyolala huonekana katikati ya mtaa. Alihesabu kumi na moja.

Zana zake hazikuwa za ajabu. Ya kwanza ilikuwa kadi nyembamba ya plastiki, ambayo aliipitisha polepole kati ya safu na safu. Ya pili ilikuwa penseli ya kubonyeza, ile yenye mdomo wa bati, akiwa ameiondoa risasi yake. Tundu la mdomo huo huimeza pini moja, na kwa hiyo fundi aweza kuiinua bila kuzigusa jirani zake.

“Usiinyooshe mara moja,” alimwambia kijana, aliyekuwa ameinama kando yake. “Iinue kidogo, iache, nenda kwa nyingine, kisha urudi. Umewahi kukata waya bila koleo? Uliupinda huku na huku mpaka ukakatika. Hii nayo ni waya. Ina kupinda kwake kuchache, na wewe umeshatumia kumoja.”

Kazi hiyo ilichukua saa mbili na zaidi. Pini kumi zilisimama. Ya kumi na moja, iliyokuwa imelala kabisa kwenye kona, ilikatika. Mzee alinyamaza kitambo, akaiweka mezani juu ya karatasi nyeupe, ikaonekana kama punje ya vumbi linalong'aa.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUPONYA

Kutokana na mazungumzo yetu na fundi huyo, na kutokana na yale ambayo watengenezaji wenyewe huyahimiza, yafaa kila mwenye kompyuta, na kila kijana anayejifunza ufundi, ayashike mambo machache.

Kabla ya kuondoa kipoza joto, iache kompyuta ifanye kazi dakika kumi hivi ili pesti ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua skrubu, kisha kizungushe kipoza joto taratibu kulia na kushoto mpaka kiachie. Usikivute wima kwa nguvu. Hilo tu lingalimwokoa kijana wetu.

Wakati wa kuweka prosesa yenye pini, inua kwanza mkono wa soketi, linganisha pembetatu ndogo iliyochorwa kwenye kona ya prosesa na ile ya soketi, kisha iache iingie kwa uzito wake yenyewe. Ikikataa, usiisukume. Inakuambia kuwa kuna pini isiyokaa sawa, au kuwa umeigeuza.

Kwa soketi yenye pini ndani, usiondoe kifuniko chake cha plastiki mpaka prosesa iko tayari, wala usikitupe. Siku utakapoiondoa prosesa ili kuusafirisha ubao au kuurudisha dukani, kifuniko hicho ndicho kinga yake. Prosesa ishushwe wima. Isiburuzwe wala kudondoshwa. Na kamwe usiifute soketi hiyo kwa kitambaa wala pamba. Uzi mmoja ukinasa pini moja, huzivuta kumi.

Aidha, ipo desturi ya kuzunguka Kariakoo kutafuta kipuri, kisha kukifunga katika gazeti na kukitia mfukoni, na kupanda nacho daladala lililojaa. Hapana budi kuiacha. Prosesa na saketi zenye miguu zitiwe katika kijisanduku kigumu, zikiwa zimechomekwa katika sponji nyeusi maalumu inayopitisha umeme. Boksi jeupe la povu lililotoka na televisheni halifai, kwani lenyewe huzaa umeme tuli.

Hata mafundi wa redio na vikuza sauti wana somo hapa. Saketi mpya yenye safu mbili za miguu huja miguu ikiwa imetanuka kidogo. Usiilazimishe. Ilaze kwa ubavu juu ya meza, uibonyeze sawasawa mpaka safu isimame wima. Ukiichomoa, inyanyue kidogo upande huu, kidogo upande ule. Ukinyanyua upande mmoja tu, miguu ya upande wa pili hupinda.

NYUMBANI KWETU

Msomaji asiye na kompyuta asidhani kwamba habari hii haimhusu. Simu iliyo mkononi mwake ina pini. Tundu la chaji la USB-C lina miguso 24 juu ya ulimi mmoja mdogo kuliko punje ya mchele kwa unene. Mchanga wa ufukweni ukiingia humo, wengi huchokoa kwa sindano, na ndipo huumiza ulimi ule. Zima simu kwanza, uinamishe, utumie brashi laini au kijiti cha meno cha mbao, polepole, pembeni pembeni.

Simu ikirowa, usiichaji. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kati ya mguso na mguso, na umeme huo huula mguso mpaka ukawa kijani. Kuifukia katika mchele si dawa, kwani vumbi la mchele huingia tunduni. Ikiwa maji hayo ni ya bahari, izime na uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo asafishe kwa spiriti safi, maana maji hukauka lakini chumvi hubaki.

Laini ndogo inayovalishwa fremu ya plastiki nayo ina hatari yake. Fremu ikiingia tupu, hunasa vijispringi vya ndani na kuving'oa inapochomolewa. Vivyo hivyo kadi ya king'amuzi, ambayo iliingia katika nyumba nyingi baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kila picha ikikwama, watoto huichomoa, huipuliza kwa mdomo na kuirudisha. Pumzi ina unyevu. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, uirudishe kwa upande wake. Na wale wanaosugua miguso ya kadi ya kumbukumbu kwa raba ya shule wajue kwamba kila msuguo huondoa sehemu ya ile dhahabu nyembamba. Spiriti safi yatosha.

JUMATATU

Kompyuta ya mama yule iliwaka jioni ya Jumamosi. Fundi alikuwa ameeleza mapema kwamba baadhi ya pini hufanya kazi ya aina moja, hivyo moja ikikosekana nyingine huweza kubeba mzigo. Nyingine hazina msaidizi. Iliyokatika ilikuwa ya kundi la pili. Mashine iliamka, lakini iliiona nusu tu ya kumbukumbu yake, na nusu hiyo haitarudi mpaka inunuliwe prosesa nyingine. Mitihani ya shule mbili ilichapwa usiku kucha, kwa mwendo wa kobe, na Jumatatu asubuhi ilikuwa mikononi mwa walimu.

Mama hakumfukuza mpwa wake. Alimwambia jambo moja: kila Jumamosi aende akakae kwa yule mzee, afagie chumba na kutazama. Mwandishi wa makala haya alipopita tena, alimkuta kijana dirishani, miwani ya kukuza machoni, akiinyoosha miguu ya saketi mbovu ambayo mzee alimpa ajifunzie. Alipoamkiwa hakugeuka. Aliinua kwanza mkono wake kutoka kwenye pini, akaiweka penseli chini, ndipo akaitikia.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wazazi tunaowanunulia vijana wetu vyombo hivi vya thamani hatuna budi kuwanunulia pia muda wa kujifunza kuvishika.