Bei ya menyu, bei ya bili: Mlo wa Kikorea uliokaribia kuvunja biashara Nairobi

Nairobi. Watu watatu waliagiza chakula ambacho kwenye menyu kilifika Sh4,300 za Kenya. Bili ilipoletwa mezani ilisomeka Sh9,280. Hakuna aliyekunywa bia, wala aliyeomba sahani ya pili kwa hiari yake.

Mmoja wa hao watatu nilikuwa mimi. Wa pili ni mama mfanyabiashara wa Arusha ambaye huvuka Namanga kununua ndoo, beseni na viti vya plastiki vinavyotengenezwa Nairobi. Wa tatu ni dalali wake mpya, kijana wa hapa mjini, aliyetaka kumkaribisha mgeni wake kwa heshima. Wote wawili wameomba nisiwataje majina. Mgahawa nao nauacha bila jina, kwa sababu yaliyotupata hayako kwenye mgahawa mmoja tu.

Wazo la chakula cha Kikorea lilitoka kwa binti wa mama huyo. Yuko sekondari na hakosi tamthilia za Kikorea zinazosimuliwa kwa Kiswahili. Alimwagiza mama yake kwamba akikuta Nairobi mahali wanapochoma nyama juu ya meza kama kwenye tamthilia, aonje kisha aje amsimulie. Kijana aliposikia hivyo alisema mahali anapajua, twende.

Tuliketi, tukasahauliwa

Tulifika saa moja na nusu jioni. Menyu ilikuwa ya Kikorea na Kiingereza. Mama aliuliza kwa Kiswahili supu ipi haina nyama ya nguruwe, mhudumu akamjibu kwa Kiingereza, tena akimtazama kijana. Aliuliza mara ya pili, naye akajibiwa kwa Kiingereza tena. Ikabidi mimi niwe mkalimani kati ya Mtanzania na Mkenya, watu ambao wote wawili wanazungumza Kiswahili.

Tuliagiza vitu vitatu: sahani moja ya bulgogi, yaani nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kulowekwa kwenye viungo, Sh1,800, bakuli la bibimbapu, wali wenye mboga, yai na pilipili ya Kikorea, Sh1,300, na supu ya kimchi isiyo na nguruwe, Sh1,200.

Chupa tatu za maji zilifika kabla ya chakula, zikafunguliwa bila mtu kuulizwa. Jiko la mezani likawashwa, nyama mbichi ikawekwa pembeni, mhudumu akaondoka. Meza ilikuwa na kitufe cha kumwita. Tulikibonyeza mara tatu, hakuna aliyekuja. Tukachoma wenyewe kwa kubahatisha, vipande vya kwanza vikaungua na vya mwisho vikabaki na damu. Meza ya jirani ilikuwa na mhudumu aliyesimama muda wote na mkasi mkononi, akiwageuzia na kuwakatia nyama.

Kilichotufariji ni visahani vidogo vya kimchi, machipukizi ya maharage na figili. Mama alivipenda. Mhudumu alipopita aliuliza kama tunataka vingine, tukasema ndiyo.

Mahesabu

Bili ilikwenda hivi. Bulgogi, Sh3,600, kwa sababu nyama ya kuchoma huuzwa kuanzia sahani mbili. Hilo hatukuambiwa wakati tunaagiza. Bibimbapu, Sh1,300. Supu, Sh1,200. Maji chupa tatu, Sh750. Visahani vya nyongeza, Sh400. Jumla ndogo, Sh7,250.

Juu yake ikawekwa gharama ya huduma ya asilimia 10, Sh725. Kisha VAT ya asilimia 16, Sh1,160, na tozo ya utalii ya asilimia 2, Sh145. Chini kabisa ya menyu, kwa herufi ndogo kuliko zote, kulikuwa na mstari wa Kiingereza unaosema bei hazijajumuisha kodi wala huduma.

Kijana alikuwa amepanga Sh5,000 kwa mlo ule. Nilimwona akiisoma bili mara mbili, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maelezo mengine. Mama alielewa bila kuambiwa. Akafungua pochi na kutoa dola.

Hapo likazuka jingine. Mgahawa ulikuwa tayari kupokea dola, ila kwa kiwango cha Sh115 kwa dola moja, wakati duka la kubadilisha fedha alikopita mchana lilimpa Sh128. Kwa kiwango cha duka, bili ilikuwa dola 72 na nusu. Kwa kiwango cha mgahawa ilikaribia dola 81.

Tuliomba kuonana na meneja. Alikuja, akasikiliza, akafuta Sh400 za visahani. Mengine alisema ndio utaratibu. Jumla mpya ikawa Sh8,768. Kijana alilipa Sh5,000 zake kwa M-Pesa. Mama akamalizia Sh3,768 kutoka shilingi alizokuwa amezitenga kwa nauli ya kurudi Namanga. Nilipotaka kuchangia, alinikatalia.

Korea kwenyewe wanafanyaje

Tuwe wa haki. Kodi ni halali, na anayeitoza hajaiba. Mchuzi wa pilipili na maharage yaliyochachushwa husafirishwa mbali na kulipiwa ushuru, hivyo hakuna anayetegemea bei ya ugali na sukuma wiki. Hata sharti la sahani mbili za nyama lipo kwenye migahawa mingi ya Korea Kusini.

Lakini huko sharti hilo huandikwa mahali linapoonekana. Visahani vya pembeni, ambavyo Wakorea huviita banchani, huja na mlo bila malipo, na kwa desturi huongezwa ukiomba. Maji ya kunywa huwekwa mezani bure. Bakshishi si desturi yao. Tena tangu Januari 2013, sheria ya Korea Kusini inaitaka migahawa kuonyesha bei ya mwisho, kodi na huduma zikiwa ndani. Anayesoma 10,000 kwenye menyu ya Seoul hulipa 10,000.

Sisi tulilipia jina la Kikorea bila kupewa desturi ya Kikorea.

"Robota nanunua limefungwa"

Nje, tukisubiri teksi, mama alizungumza kwa mara ya kwanza tangu bili ifike.

"Nimeuza mitumba miaka kumi," alisema. "Robota nanunua limefungwa, na ninajua nabahatisha. Pale ndani sahani ilikuwa wazi, bei ndiyo iliyofungwa."

Kisha akamgeukia kijana. "Mdogo wangu, ile bei ya ndoo uliyonipa mchana, ni ya menyu au ya bili?"

Kijana alinyamaza. Bei aliyotoa ilikuwa ya kiwandani. Kupakia hakukuwamo, wala usafiri hadi Namanga, wala malipo ya wakala wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa za Afrika Mashariki, mama hutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na ushuru wa forodha haulipi. Hata hivyo VAT ya Tanzania, asilimia 18, inabaki palepale. Kijana hakuwa ameitaja, kwa sababu anayeilipa si yeye.

Usiku ule hawakukubaliana chochote. Oda iliyokuwa imebaki kupeana mikono tu, ikaahirishwa.

Kabla hujaagiza

Anayefanya biashara kuvuka mipaka hula nje ya kwake mara nyingi kuliko anavyopenda, na mara nyingi mlo huo ni sehemu ya mazungumzo ya biashara. Swali la kwanza liwe moja: bei hizi ni za mwisho? Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na Kongo, na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda, Rwanda na Burundi. Kama haimo kwenye bei, pamoja na huduma na tozo, mlo wa Sh1,000 Nairobi unaweza kuwa Sh1,280.

Uliza kiasi cha chini cha kuagiza. Uliza kila kinachowekwa mezani bila kuombwa, hata maji. Kama hukitaki, kirudishe kabla hakijafunguliwa. Badilisha fedha kabla ya kwenda kula, na ulipe kwa sarafu ya nchi uliyomo.

Ukimaliza, dai risiti ya kodi, si karatasi ya bili: ya mfumo wa eTIMS Kenya, ya mashine ya EFD Tanzania, ya EFRIS Uganda, au ya EBM Rwanda. Risiti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kodi uliyotozwa imeandikwa, na ndiyo utakayoishika ukitaka kulalamika. Kenya, malalamiko ya mlaji hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani. Tanzania, na Tume ya Ushindani.

Siku mbili baadaye kijana alimtumia mama ujumbe mrefu wa simu. Kila gharama ilikuwa kwenye mstari wake: kiwandani, kupakia, gari, wakala, VAT ya upande wa pili, na kamisheni yake mwenyewe ambayo awali hakuitaja. Jumla ilikuwa kubwa kuliko bei ya mwanzo. Mama aliagiza nusu ya mzigo, akasema nusu nyingine itategemea kama bili itafanana na ujumbe.

Mzigo ulivuka Namanga wiki iliyofuata. Bili ilifanana.

Binti alipouliza chakula cha Wakorea kina ladha gani, mama alimjibu kwamba supu ilikuwa tamu, ila nyama waliichoma wenyewe.